Bei ya Digrii Moja ya Goti

Tarehe 16 Agosti 2017 serikali ya India iliweka ukomo wa bei za magoti bandia. Goti la kobalti na kromiamu, ambalo ndilo hutumika zaidi, lilikuwa na bei ya wastani ya rupia 158,324 kwenye lebo. Kuanzia siku hiyo halikuruhusiwa kuuzwa zaidi ya rupia 54,720 kabla ya kodi. Ni punguzo la asilimia 65. Tukikadiria rupia 1 kwa Sh30 za Tanzania, kifaa kilichokuwa Sh4,749,720 kiliteremka hadi Sh1,641,600, tofauti ikiwa Sh3,108,120. Thamani ya fedha hupanda na kushuka, kwa hiyo msomaji aweke kiwango chake. Uwiano utabaki uleule.

Amri hiyo iligusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa Chennai, Hyderabad na New Delhi ndiko familia nyingi za huku hupeleka wazazi wakishaambiwa kwamba gegedu la goti limesagika. Mamlaka ya bei za dawa ya India, NPPA, ilikadiria kwamba wagonjwa wangeokoa rupia bilioni 15 kwa mwaka. Idadi ya operesheni iliyokuwa ikitajwa ni kati ya 120,000 na 150,000 kwa mwaka. Ukigawanya, kila goti linaokoa kati ya rupia 100,000 na 125,000, na tofauti ya bei tuliyoiona ni rupia 103,604. Hesabu zinakutana, lakini kwa masharti mawili: kwamba kila mgonjwa alikuwa akilipa bei nzima ya lebo, na kwamba hospitali hazikufidia pengo kwenye ada ya chumba cha upasuaji, kitanda na daktari. Ada hizo amri haikuzigusa.

Kuna gharama nyingine ambayo haikuguswa kwa sababu haimo kwenye ankara hata kidogo. Ni kovu.

Goti likipasuliwa, mwili hulichukulia kama jeraha lingine lolote. Damu hujikusanya ndani, chembe za ulinzi humiminika, goti huvimba, hupata joto na kuuma. Hiyo ndiyo inflamesheni, na bila hiyo jeraha halifungi. Kisha kemikali ya mwili iitwayo TGF-beta huamsha seli zinazotandaza nyuzi za kolajeni, kama fundi anayeshona pasuo. Kwa kawaida seli hizo zikimaliza kazi hufa. Zisipokufa, zinaendelea kushona: kovu hujaza nafasi ambazo goti linazihitaji ili likunjike, na mgonjwa hubaki na chuma kipya kisichokwenda. Madaktari huiita hali hiyo athrofibrosisi. Hapa nitaiita kovu la ndani.

Ni wangapi hupatwa nalo? Mwaka 2004 madaktari wa Marekani waliripoti magoti 1,000 waliyoyabadilisha mfululizo, na yaliyokakamaa yalikuwa asilimia 1.3. Miaka miwili baadaye timu ya Ufaransa iliripoti magoti 1,188, na yaliyokakamaa yalikuwa asilimia 5.3. Msomaji wa haraka atasema Wafaransa wana tatizo mara nne zaidi. Akisoma vigezo ataona jambo jingine. Kwa Wamarekani, goti limekakamaa likikunjika chini ya digrii 75, au likipungukiwa digrii 15 au zaidi ili linyooke. Wafaransa waliweka mstari wao kwenye digrii 95 za kukunja na 10 za kunyoosha. Goti linaloishia digrii 85 ni zima kwenye jedwali la kwanza na gonjwa kwenye la pili.

Tuone uzito wa mstari huo. Marekani hubadilisha magoti zaidi ya 700,000 kwa mwaka. Tukichukua 700,000 kamili, asilimia 1.3 ni watu 9,100 na asilimia 5.3 ni watu 37,100. Watu 28,000 wanaingia au kutoka kwenye takwimu bila goti lolote kubadilika. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa kimataifa lilijaribu kuweka ngazi moja: kukunja digrii 90 hadi 100 ni tatizo dogo, 70 hadi 89 ni la kati, chini ya 70 ni kali. Hospitali ikikuonyesha asilimia yake kwenye brosha, swali la kwanza ni mstari wao umepita wapi.

Na digrii zenyewe hazina thamani sawa. Kutembea sehemu tambarare kunahitaji goti likunjike takriban digrii 67, kupanda ngazi 83, kuinuka kitini 93, kufunga kamba za viatu 106. Vipimo hivi vimetoka kwenye maabara za Marekani za miaka ya mwanzo ya 1970, ambako hakuna aliyeulizwa kuhusu choo cha kuchuchumaa wala kikao cha baina ya sijda mbili. Utafiti wa baadaye, wa 2001, uliokusanya shughuli za watu wa Asia na Mashariki ya Kati, uliweka kuchuchumaa, kupiga magoti na kukaa kitako miguu ikiwa imekunjwa kati ya digrii 111 na 165. Kwa hiyo goti la digrii 100 ni mafanikio kwa mstaafu wa Ohio anayetoka kwenye sofa kwenda kwenye gari. Kwa bibi wa Pangani ni goti linalomhamisha kutoka kwenye mkeka hadi kwenye kiti cha plastiki, hata wakati wa kuswali. Takwimu za mafanikio hazimtofautishi na yule wa Ohio.

Wauzaji wa vifaa waliiona haja hiyo mapema wakatengeneza goti la kukunjika zaidi. Kwenye orodha ya NPPA lina mstari wake: rupia 181,728 kabla ya amri, 56,490 baada yake. Kabla ya amri, basi, mgonjwa aliongeza rupia 23,404 juu ya bei ya goti la kawaida, sawa na Sh702,120 kwa kiwango chetu. Alipata nini? Mwaka 2005 madaktari wa Korea Kusini walichapisha jaribio la wagonjwa 50 waliobadilishwa magoti yote mawili, upande mmoja goti la kawaida na upande wa pili lile la kukunjika zaidi. Ni mpangilio mzuri, maana mgonjwa analinganishwa na nafsi yake. Baada ya takriban miaka miwili goti la kawaida lilikunjika kwa wastani wa digrii 135.8 na jingine 138.6. Tofauti ni digrii 2.8.

Rupia 23,404 kwa digrii 2.8 ni rupia 8,359 kwa digrii, au Sh250,757. Baada ya amri nyongeza ilishuka hadi rupia 1,770, na bei ya digrii ikawa Sh18,964. Hata bei hiyo ya pili ina utata, kwa sababu kitakwimu tofauti ya digrii 2.8 haikuwa na uzito: huenda ni bahati nasibu tu, na thamani halisi ikawa sifuri. Jambo la kuangalia zaidi ni hizo 135.8. Wakorea walizipata kwa goti la kawaida. Kigezo kinachotabiri vizuri zaidi kiasi ambacho goti litakunjika baada ya operesheni ni kiasi ambacho lilikuwa likikunjika kabla yake. Anayesubiri hadi goti lifikie digrii 70 ndipo akate tiketi anakwenda kununua chuma, na digrii alizokwisha kuzipoteza hazimo kwenye kifurushi.

Wodini siku ya pili mambo huonekana kwa karibu. Mgonjwa amelala chali, goti limefura na kung'aa. Binti yake, kwa huruma, ameweka mto chini ya goti, na maumivu yamepungua mara moja. Mtaalamu wa fiziotherapia anapoingia anauondoa, anakunja khanga kuwa msokoto na kuuweka chini ya kisigino, ili goti lining'inie na linyooke lenyewe. "Mama, vumilia kidogo, tunahesabu hadi ishirini." Kisha anaweka kipima pembe, mkono mmoja kwenye paja na mwingine kwenye muundi, anasoma 64 na kuiandika kwenye faili. Mto ule ungeachwa pale wiki mbili, goti lingezoea kukaa limepinda, na kovu lingefungia pembe hiyo. Khanga haina mstari kwenye ankara.

Hospitali nyingi zilizo na uwezo huongeza mashine ya kukunja goti, inayosogeza mguu polepole kwa saa kadhaa mgonjwa akiwa kitandani. Mapitio ya Cochrane ya 2014 yalikusanya majaribio 24 yenye wagonjwa 1,445. Faida ya mashine kwenye kukunja goti ilikuwa takriban digrii 2. Ukiwekewa ada ya mashine kwa siku, zidisha kwa siku utakazolazwa, gawanya kwa 2, na bei ya digrii utakuwa nayo mwenyewe.

Mazoezi ya kusimamiwa ni suala gumu zaidi, na hapa takwimu husomwa vibaya mara nyingi. Jaribio la Uingereza lililoitwa TRIO, lililochapishwa mwaka 2020, lilichukua watu 334 ambao wiki ya sita baada ya operesheni walikuwa wanasuasua. Nusu walipewa vipindi 18 na mtaalamu ndani ya wiki sita. Wengine walipewa mazoezi ya kufanya nyumbani, yakiwa na ukaguzi. Baada ya mwaka, tofauti ilikuwa alama 1.91 kwenye kipimo cha Oxford cha maumivu na utendaji wa goti, chenye alama 48, na ukingo wa makosa uligusa sifuri. Tukikadiria kipindi kimoja kwa Sh30,000, vipindi 18 ni Sh540,000, yaani Sh282,723 kwa kila alama, kama alama hizo zipo.

Anayetaka kubana matumizi atasema: basi mazoezi hayana faida. Sivyo lilivyosema jaribio. Kundi la pili nalo lilifanya mazoezi, kwa ratiba na kwa kukaguliwa. Kilichopimwa ni tofauti kati ya kusimamiwa sana na kusimamiwa kidogo, katika nchi ambako mgonjwa anapigiwa simu na zahanati yake. Jaribio la Australia la 2017 lina sura hiyohiyo: watu 165, nusu wakilazwa siku kumi zaidi kwa ajili ya mazoezi, nusu wakienda nyumbani na programu. Baada ya wiki 26 umbali waliotembea kwa dakika sita ulitofautiana kwa takriban mita 1. Siku kumi za kitanda hazikununua kitu. Lakini mgonjwa anayerudi Kigoma au Lamu bila programu na bila mtu wa kumkagua hayumo katika kundi lolote kati ya yale mawili, na takwimu hizo hazimhusu.

Upande wa kutuliza inflamesheni yenyewe, dawa iliyopimwa vizuri ni deksamethasoni, ambayo ni ya zamani na rahisi. Jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 2022 lilikuwa na wagonjwa 485 katika makundi matatu. Waliopewa miligramu 24 mara mbili, kwa tofauti ya saa 24, walihitaji mofini pungufu kwa miligramu 10.7 katika saa 48 za kwanza ukilinganisha na waliopewa dawa bandia. Watafiti walikuwa wamejiwekea kabla kwamba tofauti ya maana ni miligramu 10. Dozi moja peke yake haikufika hapo: ilipunguza 7.8. Ampuli ya kawaida ina miligramu 4, hivyo dozi mbili ni ampuli 12. Tukikadiria Sh1,000 kwa ampuli, jumla ni Sh12,000, chini ya asilimia 1 ya bei ya goti lenyewe baada ya punguzo. Dawa hii huchomwa na hospitali wakati wa upasuaji na siku inayofuata, wala si ya kununua dukani, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari.

Hata hivyo jaribio lilipima maumivu na mofini, halikupima kovu. Kutoka "uvimbe mdogo" hadi "kovu dogo" kuna daraja ambalo wauzaji wa tiba hulivuka bila kutazama chini. Lina mantiki: anayeumwa kidogo hukunja mapema, na damu ikiwa kidogo ndani ya kiungo, seli za kushona huwa na kazi ndogo. Barafu inaingia katika fungu hili, ikipunguza maumivu kidogo kwa ushahidi dhaifu na kwa gharama ndogo. Dawa za kuzuia kovu lenyewe zimejaribiwa hasa kwa wanyama. Katika Mayo Clinic, Marekani, magoti ya sungura yaliyopewa selekoksibu, dawa ya kutuliza inflamesheni, yalikakamaa kwa kiwango cha chini. Sungura wale hawakuwa wametimiza miaka 68, wala hawakuwa na kisukari.

Kovu likishashika, kuna hatua yenye takwimu nzito kuliko zote zilizotangulia: kulikunja goti mgonjwa akiwa nusu kaputi. Daktari hulisukuma taratibu, nyuzi za kovu hukatika kwa mlio unaosikika, na kazi nzima huchukua dakika chache. Kabla ya hapo lazima ahakikishe kwamba hakuna maambukizi, kwa sababu goti lenye usaha nalo huvimba, hupata joto na kukakamaa. Ripoti ya Marekani ya 2014 iliwatenganisha waliokunjwa ndani ya wiki 12 tangu operesheni na waliochelewa. Wa kwanza waliongeza wastani wa digrii 36.5, wa pili 17. Tukikadiria gharama ya hospitali kuwa Sh1,500,000, digrii moja mapema ni Sh41,096 na digrii moja kwa kuchelewa ni Sh88,235. Huenda waliochelewa walikuwa na magoti sugu tangu mwanzo, kwa hiyo si tofauti yote inayotokana na kalenda. Hata ukiikata nusu, hizi ni digrii kati ya 70 na 106, ambazo ndizo za ngazi, kiti na viatu. Za goti la kukunjika zaidi ziko juu ya 135.

Tupange tarehe. Aliyefanyiwa operesheni tarehe 5 Januari hutolewa nyuzi baada ya takriban wiki mbili, na ndipo wengi hupanda ndege. Wiki ya sita, ambapo daktari hutarajia goti limefika digrii 90, ni tarehe 16 Februari. Wiki ya 12 ni tarehe 30 Machi. Siku 42 zilizo katikati ndizo za kuamua, na mgonjwa yuko Dar es Salaam huku daktari wake yuko Chennai.

Akirudi India kukunjwa goti, tukadirie tiketi mbili za Sh1,800,000 kila moja, siku tisa za malazi kwa Sh100,000 na hospitali Sh1,500,000. Jumla ni Sh6,000,000, ambapo Sh4,500,000 ni safari tupu. Kwa asilimia 1.3, wastani wa hasara ya safari kwa kila mgonjwa ni Sh58,500. Kwa asilimia 5.3 ni Sh238,500. Wastani huu haulipwi na mtu yeyote. Katika wagonjwa 1,000, kati ya 947 na 987 hulipa sifuri, na waliobaki hulipa milioni nne na nusu kila mmoja.

Je, abaki India hadi siku ya 45? Siku 31 za nyongeza kwa Sh100,000 ni Sh3,100,000, karibu sawa kabisa na akiba iliyoletwa na amri ya 2017. Ili kubaki kulipe, hatari ya kukakamaa ingebidi izidi asilimia 69, yaani 3,100,000 kwa 4,500,000. Hakuna takwimu inayokaribia hapo. Wakala anayeuza kifurushi cha wiki saba kwa hoja ya kovu anauza malazi.

Njia ya tatu ni kukaguliwa nyumbani kwa kipima pembe wiki ya 3, ya 5 na ya 6, na kuwa na daktari wa mifupa wa hapahapa aliyekubali mapema kulikunja goti likihitajika. Ziara tatu kwa Sh30,000 ni Sh90,000, na zinalipa hatari ikizidi asilimia 2. Kwa mstari wa Wamarekani, wa digrii 75, ukaguzi ni hasara ndogo. Kwa mstari wa Wafaransa, wa digrii 95, ni faida. Kwa mtu ambaye goti lake lilikuwa likiishia digrii 80 hata kabla ya operesheni, asilimia 2 ni makadirio ya chini kwa mstari wowote ule.

Hesabu hiyo ya mwisho imebeba dhana moja: kwamba daktari wa hapa atakubali kugusa goti lililopachikwa na mwingine. Atauliza ni kifaa cha aina gani, saizi gani, na goti lilifika digrii ngapi mezani kabla ya kushonwa. Majibu yamo kwenye ripoti ya operesheni na kwenye vibandiko vinavyotoka katika boksi la kifaa, ambavyo muuguzi huvibandika kwenye faili. Nakala yake iombwe kabla ya kulipa ankara, si baada ya kutua uwanjani.